Viboko havipimi mtu: barua ya wazi kuhusu vijana wanaowadhuru watoto wenzao

Kwa:
Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum
Waziri wa Katiba na Sheria
Waziri wa Afya
Mkuu wa Mkoa wa Tanga, na wakurugenzi wa halmashauri zake

YAH: TATHMINI NA TIBA KWA VIJANA WALIOFANYA VITENDO VYA NGONO DHIDI YA WATOTO

Waheshimiwa, salaam.

Nawaandikia habari ya watoto ambao hakuna kikao kinachopenda kuwataja: wavulana wa miaka 12, 14, 16, waliowaingilia au kuwachezea watoto wadogo kuliko wao. Mara nyingi aliyefanyiwa ni binamu, ni mdogo wao wa tumbo moja, au ni jirani wa nyumba ya pili. Wasichana wanaofanya hivyo wapo pia, ila ni wachache, na sitawagusa sana hapa.

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii katika mkoa huu hadi nilipostaafu, na sasa ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata yetu. Ombi langu ni kwamba kijana wa namna hii apimwe na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, kisha atibiwe pamoja na wazazi au walezi wake, kabla hajarudishwa kwenye nyumba yenye watoto. Leo hapimwi wala hatibiwi.

Kinachofanyika tunakijua sote. Ukoo unakaa kikao usiku. Mjomba mmoja anapewa fimbo. Mama wa mtoto aliyeumizwa anabembelezwa avumilie, kwa kuwa aliyefanya ni mtoto wa dada yake, na polisi wakiingia ndugu watagawanyika. Alfajiri kijana anapakiwa kwenye basi la Lushoto au Handeni, anakwenda kukaa kwa bibi yake, ambako kuna wajukuu wengine wanaolala chumba kimoja, na bibi haambiwi kwa nini mgeni amekuja katikati ya muhula. Wazee wanasema wamemsitiri mtoto. Wamemsitiri yupi? Aliyeumizwa hajapelekwa hata hospitali, na wale wa kwa bibi hawajui kama kuna la kujihadhari nalo.

Wengine hupelekwa kwa shehe au mchungaji wasomewe, wanyweshwe kombe, waombewe. Sina ugomvi na dua. Lakini shehe akishamaliza kusoma, bado hakuna aliyeuliza kijana analala wapi, anabaki na nani mama akienda sokoni, anatazama nini kwenye simu na kwenye vibanda umiza, na yeye mwenyewe aliwahi kufanyiwa nini.

Kesi ikifika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mtoto aliyeumizwa hupewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hutibiwa, na penye kituo cha Mkono kwa Mkono huduma zote huzipata chini ya paa moja. Hapo tumepiga hatua na nawapongeza. Kwa upande wa kijana, sheria yenyewe ndiyo inayotuacha njiani. Kanuni ya Adhabu, kwa marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inampa mtu mzima aliyebaka kifungo kisichopungua miaka 30. Mvulana wa miaka 18 au chini, akipatikana na hatia mara ya kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Yaani mkubwa anafungwa ujana na uzee wake, na mdogo anachapwa mchana akarudi nyumbani jioni, mahali pale pale, na hakuna anayejua lililomfikisha hapo. Wapo wanaoona hiyo ni huruma kwa mtoto. Mimi naona ni kumtelekeza, yeye na mtoto aliyeumizwa naye.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ilifungua mlango mwingine. Inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo jela, inaweka mahakama ya watoto, na inamtaka afisa ustawi wa jamii aiambie mahakama habari za mtoto: nyumbani kwao, shuleni kwake, afya yake. Taarifa hiyo ingeweza kuwa ndiyo tathmini ninayoililia. Lakini afisa anayeiandika hakuwahi kufundishwa aulize nini kwenye kosa la aina hii, kwa hiyo anaandika kwamba baba alimwacha mama, kwamba kijana ni mtoro shuleni, kwamba anaomba msamaha. Hakimu anasoma, anarudi kwenye kifungu cha viboko. Mahabusu ya watoto tunayo hapa Tanga, na shule ya maadilisho iko Irambo, Mbeya, upande wa pili wa nchi. Zote mbili ni mahali pa kumweka mtoto. Hakuna kati yake iliyobuniwa kutibu jambo hili.

Sasa nieleze kwa nini nadhani linatibika, maana hapo ndipo watu wanaponikatalia.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7, wa umri wa miaka 13 hadi 24, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tukisikia idadi hiyo macho yetu yanamtafuta mzee wa mtaani mwenye pipi mfukoni. Huyo yupo. Lakini David Finkelhor na wenzake walipochambua kumbukumbu za polisi za Marekani za mwaka 2004, walikuta zaidi ya theluthi moja ya waliojulikana kufanya makosa ya kingono dhidi ya watoto walikuwa wenyewe chini ya miaka 18, na waliowalenga watoto wadogo kabisa walikuwa wengi zaidi katika umri wa miaka 12 hadi 14. Ni umri wa darasa la saba na kidato cha kwanza. Ndio umri ambao hapa kwetu kijana anaachiwa wadogo zake awaangalie mama akiwa shambani, au akiwa pwani anaanika dagaa.

Je, wataendelea? Mwaka 2016 Michael Caldwell alikusanya tafiti 106 zilizofuatilia vijana zaidi ya 33,000 waliopatikana na makosa haya, kwa wastani wa karibu miaka mitano kila mmoja. Waliopatikana tena na kosa la kingono walikuwa chini ya 5 kati ya 100. Waliopatikana na makosa mengine, wizi, ugomvi na kadhalika, walikuwa zaidi ya 36 kati ya 100. Najua pingamizi, nami nimelitoa mwenyewe kwenye semina: hao ni waliokamatwa tu, na hizo ni nchi zenye polisi wenye kompyuta. Ni kweli. Makosa haya yanafichwa kila mahali, na kwetu yanafichwa kwa ustadi. Hata hivyo, ukiiongeza idadi hiyo mara mbili au tatu, bado wengi wao hawarudii, na picha ya mtoto aliyezaliwa mbakaji haisimami. Kilicho mbele yetu ni kundi kubwa la watakaoacha wakisimamiwa vizuri, na kundi dogo la hatari kweli. Fimbo haiwezi kuyatenganisha makundi hayo. Ndiyo kazi ya tathmini.

Tathmini hiyo si ya kujua kama kosa lilitendeka. Hilo ni la polisi na mahakama. Anayepima anauliza mengine. Je, ulikuwa ule mchezo wa baba na mama wa watoto wa rika moja, unaokwisha mkubwa akikohoa, au kulikuwa na tofauti ya umri, nguvu, vitisho, zawadi za kununua kimya? Kilitokea mara moja au kilirudiwa hata baada ya kukemewa? Kijana ana marafiki wa rika lake au anaambatana na wadogo tu? Ana ulemavu wa akili unaomfanya asielewe mipaka? Nyumbani kuna kupigana? Michael Seto na Martin Lalumière walilinganisha mwaka 2010, kupitia tafiti 59, vijana wenye makosa ya kingono na vijana wenye makosa mengine. Kundi la kwanza halikuwa na uhuni mwingi kuliko la pili. Lilikuwa na uhuni mdogo. Kilicholitenga ni kuwahi kufanyiwa ukatili, kuona mambo ya ngono mapema mno, upweke na hofu. Ndiyo maana huyu kijana mara nyingi si yule ambaye mwenyekiti wa mtaa angemtaja. Ni mpole, anaswali, hana makuu, na kila mtu anasema haiwezekani.

Vipo vipimo vilivyotengenezwa kwa vijana wa miaka 12 hadi 18. J-SOAP-II kina vipengele 28, ERASOR kina 25, na baadaye kikaja PROFESOR, kinachofika hadi umri wa miaka 25 na kupima pamoja na udhaifu yale mazuri yanayoweza kumlinda kijana. Tafiti zilizovichunguza zinasema usahihi wake wa kubashiri ni wa wastani, na kwamba kijana apimwe upya baada ya miezi michache kwa sababu katika umri huu mtu hubadilika upesi. Kwa hiyo nawaomba wizara zisinunue kipimo cha Amerika Kaskazini, kikatafsiriwa mwezi mmoja, kikagongwa muhuri. Chukueni mfano wa swali la marafiki wa rika. Katika nyumba ya Makorora au Mwanzange yenye kina mama wawili, bibi, na watoto wanane wa umri mbalimbali, kijana wa miaka 13 kucheza na mtoto wa miaka 8 ni maisha ya kila siku. Kipimo kisichojua hivyo kitawaandika nusu ya vijana wa Ngamiani kuwa ni wa hatari.

Kuhusu tiba, kuna somo la gharama kubwa ambalo wengine wameshalipia. Miaka ya 1980 wataalamu wa Marekani walichukua tiba za wanaume wazima wakazivisha watoto kama kanzu ya baba. Vijana walilazimishwa kukiri kila kitu mbele ya kundi, wengine wakafungwa mashine za kupima uongo, wakafundishwa kwamba hali yao ni ya maisha. Mwaka 2006 sheria ya shirikisho ikataka hata wa miaka 14 wenye makosa mazito waingizwe kwenye daftari la wahalifu wa kingono. Elizabeth Letourneau na wenzake walikuja kuonyesha mwaka 2018 kuwa vijana walioandikishwa kwenye madaftari hayo walikuwa na uwezekano wa mara nne zaidi wa kueleza kwamba walijaribu kujiua siku za karibuni, kuliko wenzao waliofanya makosa ya namna ile bila kuandikishwa. Huku Afrika, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2014 kwamba kumwingiza mtoto kwenye daftari la namna hiyo moja kwa moja, bila kumsikiliza kwanza, ni kinyume cha Katiba. Nalitaja hili kwa makusudi, maana mara kwa mara nasikia watu wakidai picha za wahalifu zibandikwe hadharani. Watoto wasiwemo.

Kilichofanikiwa ni tiba iliyomshirikisha mzazi. Watafiti wa Oklahoma waliwafuatilia kwa miaka 10 watoto 135 wa miaka 5 hadi 12 wenye tabia hizi. Waliopata mafunzo mafupi ya kubadili fikra na mwenendo, pamoja na walezi wao, ni 2 kati ya 100 waliokuja kuwa na kosa la kingono. Kwa waliopewa tiba ya kucheza na mtaalamu, 10 kati ya 100. Mafunzo hayo yalikuwa ya vikao 12 hivi. Kwa vijana wakubwa, Charles Borduin na wenzake, Missouri, waligawa vijana 48 kwa kura. Nusu walipata huduma za kawaida, nusu wakafuatwa nyumbani na mtaalamu aliyefanya kazi na mzazi, shule na marafiki. Baada ya karibu miaka 9, waliorudia kosa la kingono katika kundi la nyumbani walikuwa 8 kati ya 100, na katika kundi la kawaida 46 kati ya 100. Vijana 48 ni wachache, sifichi. Lakini ukisoma walichofundishwa wazazi hutaona kitu cha ajabu: nani alale wapi, kijana asiachiwe watoto, mlango wa bafu ufungwe, simu ikae wapi usiku, mzazi aongee habari za mwili na mipaka bila matusi wala kupayuka. Shangazi na somo, yaani kungwi, walikuwa na kazi inayokaribiana na hiyo hapa pwani, ingawa kwa wavulana mafunzo ya jando yalikatika mapema zaidi, na hospitali ilipochukua kutahiri haikuchukua kufundisha.

Naomba nigusie neno moja linalozagaa mitaani, kwamba mvulana aliyelawitiwa naye lazima atalawiti. Kwa neno hilo wazazi wengi wanawaficha wana wao walioumizwa, hawawapeleki hospitali ya Bombo, hawapigi 116, namba ya simu ya kusaidia watoto. Utafiti uliofanyika London, ukachapishwa mwaka 2003, uliwafuatilia wavulana 224 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Waliokuja kufanya makosa ya kingono ni 26. Wengine 198 hawakuonekana kufanya hivyo. Na waliofanya walitofautiana na wenzao hasa kwa kukosa uangalizi na kwa kushuhudia vipigo nyumbani, mambo ambayo ofisi ya ustawi inaweza kuyashughulikia ikiwa na nauli na watu.

Mtasema namtetea mbakaji. Mama mmoja aliniambia hivyo usoni, na kwa jinsi mwanawe alivyoumizwa ana haki ya kuniambia lolote. Msimamo wangu ni kwamba mtoto aliyeumizwa ndiye wa kwanza: kijana ndiye ahame nyumba, asihamishwe yeye, kusiwe na kukutanishwa, kupeana mikono wala kuombana radhi mbele ya wazee mpaka mtoto awe tayari, na asipokuwa tayari basi. Tena wapo vijana, wachache, waliotumia nguvu, waliorudia, wasioonyesha kujali. Hao wakae chini ya ulinzi, na watibiwe wakiwa humo. Nisichokubali ni kuwachanganya na wa miaka 12 waliofanya jambo mara moja, tukawalaza bweni moja, wakafundishana. Serikali yenyewe ilipozuia bweni kwa wanafunzi walio chini ya darasa la tano mwaka 2023 ilikiri kwamba watoto wadogo wana mahali pao pa kulala.

Kwa nini tuanzie Tanga? Kwa sababu mkoa huu umezoea kupimwa. Amani na Muheza vimetoa tafiti za malaria kwa miongo mingi, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo mjini kwetu. Kijiji cha Muheza kinajua maana ya kutolewa damu kidoleni, kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka, na kuwekewa siri. Tuna mahabusu ya watoto, tuna hospitali ya rufaa ya Bombo, tuna hospitali ya afya ya akili ya Lutindi kule Korogwe iliyoanza kuhudumia wagonjwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Wizara ya Maendeleo ya Jamii ikikaa na taasisi hiyo ya utafiti, na Muhimbili, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, unaweza kupatikana utafiti wa kwetu: vijana wote wa aina hii wanaopita mahakama ya watoto ya Tanga wapimwe kwa kipimo kilichojaribiwa kwa Kiswahili, watibiwe na familia zao, wafuatiliwe kwa miaka mitano, majina yakiwa yamefungiwa.

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria ombi ni fupi. Kile kifungu cha viboko tu kiandikwe upya, hakimu aweze kuamuru tathmini na tiba chini ya uangalizi wa afisa ustawi, na mzazi alazimike kuhudhuria. Mbeya na Temeke zilishajaribu mpango wa kurekebisha watoto wakiwa ndani ya jamii zao; si jambo la kuanza sifuri.

Kwa wakurugenzi wetu sisubiri sheria. Halmashauri inaweza kumchagua afisa mmoja leo, akafundishwa, akapewa chumba chenye mlango unaofungika na fungu la nauli. Maafisa ustawi wanaokwenda kuzitembelea familia hizi kwa pesa yao ya mfukoni mnawajua, wako chini yenu.

Kamati yetu inakutana kila robo mwaka. Katika kikao kijacho tutakuwa na kesi ya namna hii mezani, kama ilivyokuwa kikao kilichopita, na mjumbe atauliza kijana huyu tumpeleke wapi. Tunaomba mtujibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo: kwa afisa gani, ofisi ipi, na anapatikana siku zipi za wiki.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Afisa ustawi wa jamii mstaafu,
Ngamiani, Tanga